Sanamu la Dirishani Haliolewi: Tumwandikie Biharusi Kabla ya Google



Leo hatutazungumzia hina, singo wala namna ya kufunga mtandio. Tuna jambo lililotuuma sisi wenyewe dukani kwetu. Tunaamini linawagusa mabiharusi wanaotafuta nguo kwa simu, na linawagusa kina dada wenzetu wanaouza chochote mtandaoni, iwe udi, mabaibui, keki au vikuba vya asumini. Jambo lenyewe ni maandishi. Yale maneno tunayoyaweka kwenye tovuti zetu, tunamwandikia nani? Tunamwandikia mtu atakayesoma, au tunaiandikia Google ili itupandishe juu?

Maoni yetu tunayasema mapema: tumwandikie mtu kwanza. Google ije baadaye, na ije kama mpiga debe anayemleta mteja mlangoni, isije kama mwenye duka.

Hatuyasemi haya kwa usomi. Sisi ni mafundi cherehani. Tumemaliza skuli ya sekondari, tukasoma ushonaji, tukafungua chumba kimoja karibu na Darajani kwa cherehani mbili. Mambo ya tovuti tumeyajua kwa kuanguka na kuinuka, na kuanguka kwenyewe tutawasimulia.

Ilivyoanza

Zamani wateja wetu walikuja kwa kuambiana. Shangazi anamwambia jirani, jirani anamwambia mkwewe, kazi inapatikana. Baadaye tukaanza kupokea simu kutoka Muscat, Dubai na Mombasa, kwa watu wenye asili ya hapa wanaorudi kufunga ndoa nyumbani. Tukaona na sisi tuwe na tovuti. Tukampata kijana anayejua kutengeneza, akaifanya, picha zikang'aa, tukafurahi.

Baada ya miezi kadhaa kijana akarudi na sura ya huzuni. "Dada zangu, tovuti yenu haionekani. Mnaandika kama mnaandika barua. Google haitaki barua, inataka maneno."

Akatutolea orodha ya maneno ambayo, kwa mujibu wake, watu wanayaandika sana wanapotafuta. Gauni la harusi Zanzibar. Gauni la harusi bei nafuu. Kukodi gauni la harusi. Kushona gauni siku moja. Tukamwambia sisi hatukodishi nguo, na gauni la harusi hatulishoni kwa siku moja. Akacheka. "Hayo si ya kumwambia mteja, ni ya kuiambia Google. Mteja akishafika mtaelewana naye."

Tukakubali. Hatumtupii lawama yeye peke yake, kwa sababu mlango ni wetu na jina lililo juu ya mlango ni letu. Ukurasa wetu wa mbele ukawa unasomeka hivi: "Karibu katika duka la gauni la harusi Zanzibar. Ukitaka gauni la harusi Zanzibar, gauni la harusi bei nafuu, kukodi gauni la harusi au kushona gauni siku moja, sisi ndio gauni la harusi Zanzibar."

Mama alikuwa amekaa pembeni anatia vifungo. Tukamsomea kwa furaha. Akainua kichwa akatuuliza, "Nani huyo anayesema hivyo? Ana homa?"

Tukacheka sana siku ile. Kumbe mama ameshaona, sisi bado.

Na kweli, watu waliofungua ukurasa waliongezeka. Simu zikalia asubuhi na jioni. Lakini wengi walitaka kukodi, na sisi hatukodishi. Wengine walitaka ile bei nafuu waliyoisoma, na lesi nzuri yenye bitana haiwezi kuuzwa bei ya kitambaa cha pazia. Kutwa tukawa tunasema, "Samahani dada, hapana." Tulikuwa tumejaza duka watu tusioweza kuwahudumia, na kila aliyetoka alitoka akijua kwamba tuliloliandika si tunalolifanya.

Aliyekuja Jumatatu

Siku moja ya Jumatatu aliingia binti na begi lake la safari. Ametoka Muscat, nikaha yake ni Ijumaa, Wete. Alhamisi asubuhi lazima awe kwenye boti ya Pemba. Akatoa lesi aliyonunua mwenyewe, nzuri mashallah, na picha ya mshono kwenye simu: mikono mirefu, shingo iliyofunga, mwili mzima una bitana ili usionyeshe kitu.

Gauni kama lile sisi tunalichukulia siku 14, na mteja anakuja kujaribu mara mbili. Mara ya kwanza likiwa limeunganishwa kwa mishono mirefu tu, mara ya pili kabla ya kutia pindo na kufunga bitana. Tulipomwambia hivyo, hakukasirika. Alitutazama tu akasema, "Si mmeandika siku moja? Mimi nimewapa tatu."

Tulikosa cha kumjibu. Angekuwa ameambiwa na mtu mtaani tungesema aliyekwambia amekosea. Lakini tulioandika ni sisi. Na akatueleza kwamba binamu yake alikuwa tayari kumuazima gauni lake, akalikataa kwa sababu alishatuona sisi.

Tukasema bismillahi tukaanza. Tulishona usiku tatu, tukapokezana cherehani hata ikawa adhana ya alfajiri inatukuta bado miguu iko kazini. Jumatano usiku gauni likakamilika. Kwa macho lilikuwa zuri. Ila lile jaribio la pili halikuwepo, na fundi yeyote anajua kwamba lesi ikishakutana na bitana inakaa tofauti na ilivyokaa mwanzo. Kwapani likambana. Siku ya harusi, wakati anavishwa, mshono wa mkono wa kulia ukaachia. Shangazi zake wakapachika pini, wakamfunika mtandio wa zari, na jioni nzima biharusi yule alikaa bila ya kuinua mkono. Watu wanamkumbatia, yeye anaogopa pini.

Mama yake alitupigia simu baada ya wiki. Hakutukana. Alisema, "Mwanangu aliyaamini maandishi yenu. Angejua, angevaa la binamu yake akastarehe." Tukarudisha pesa zote za ushonaji. Lakini siku ile haikurudi, na hakuna fundi wa kuishona upya.

Ndipo tukakaa chini tukaisoma tovuti yetu yote, neno kwa neno, kama vile sisi ndio tunaosafiri kutoka Muscat na begi.

Nafaka kavu juu, mbichi chini

Kila Muislamu mfanyabiashara anakijua kile kisa kilichopokelewa katika Sahih Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa kilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi asikiweke kile kibichi juu watu wakakiona. Kisha likatolewa onyo zito juu ya anayewadanganya wenziwe.

Sisi tulikuwa tunakisikia kisa hiki tangu chuoni kwa mwalimu, tukadhani ni cha wauza mchele na mtama. Kumbe "siku moja" ile tuliyoandika ndiyo nafaka kavu ya juu, na zile siku 14 ndizo unyevu wa chini. Hatukusema uongo kwa mdomo, hilo kweli. Tuliuandika, tukajitetea kwamba tunaiambia mashine. Lakini mashine haina harusi. Anayeusoma ni mtu, na ni mtu mwenye haraka, mwenye bajeti, mwenye wasiwasi, anayekuja kutoa siku kubwa ya maisha yake mikononi mwako.

Tunapenda kulifikiria jambo hili kwa kazi yetu. Dukani tuna sanamu la kuvalishia nguo, halina kichwa wala mikono, linakaa dirishani. Gauni lolote linalikaa vizuri, kwa sababu halikai kitini, haliinui mikono kupokea dua, halitii udhu, halili biriani. Fundi anayeshona ili sanamu lipendeze atawavutia wapita njia. Lakini sanamu haliolewi. Anayeolewa ni binti mwenye mabega yake, tumbo lake na pumzi zake. Ukimkatia yeye, hata dirishani nguo itapendeza. Ukilikatia sanamu, yeye itambana kwapani.

Kumbe hata Google haikutaka

Tuliposhika njia ya kujifunza tukagundua jambo lililotufanya tucheke kwa uchungu: hata hiyo Google tuliyokuwa tunaipikia haikutaka chakula kile.

Katika miaka ya 1990, mashine nyingi za kutafutia zilitegemea sana kuangalia maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Wajanja wakajua. Wakawa wanarudia neno moja mara nyingi, wengine wakiliandika kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe ili msomaji asilione na mashine ilione. Google ilipoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, ilikuja na njia ya kuangalia pia ni kurasa ngapi nyingine zinazouelekeza mtu kwenye ukurasa wako, na kurasa hizo zina uzito gani. Yaani kama kwetu: fundi anayesifiwa na watu wanaoheshimika ana uzito kuliko anayejisifu mwenyewe. Wajanja wakaanza kununua sifa hizo nazo.

Tangu hapo imekuwa kama paka na panya. Mwaka 2009 Google ilitangaza wazi kwamba lile sanduku la siri ndani ya ukurasa, ambalo watu hujaza orodha ya maneno ya kutafutia, haliangalii kabisa inapopanga matokeo. Kijana wetu alikuwa amelijaza pomoni. Mwaka 2011 yalikuja mabadiliko yaliyoitwa Panda, yakazishusha kurasa nyingi zenye maandishi mepesi yasiyo na faida. Mwaka 2012 yakaja yaliyoitwa Penguin, yakawabana waliojaza maneno kupita kiasi na walionunua viungo vya kuwaelekezea watu kwao. Agosti 2022 ikatangaza mabadiliko mengine yaliyolenga kuyapa nafasi maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu. Na Desemba mwaka huohuo, katika mwongozo wa watu wanaoipimia ubora wa matokeo yake, ikaongeza neno uzoefu: je, aliyeandika amelifanya jambo hili kwa mikono yake, au anasimulia tu?

Dada zetu, hapo pa uzoefu ndipo tulipokaa vizuri kitini. Kwa sababu uzoefu ndio mtaji pekee tulionao. Hatuna pesa za matangazo, hatuna ofisi ya vioo. Tunachokijua ni kwamba satini inateleza chini ya mguu wa cherehani na shifoni inahitaji sindano nyembamba. Tukiyaandika hayo kwa maneno yetu, tunakuwa tumeandika kitu ambacho mtu asiyeshona hawezi kukiandika kwa ukweli uleule.

Kijana wetu alikuwa na wazo jingine pia. Alitaka tutengeneze kurasa nyingi zinazofanana, hii "gauni la harusi Chake Chake", ile "gauni la harusi Makunduchi", nyingine "gauni la harusi Mkokotoni", maandishi yaleyale, jina la mji tu linabadilika. Duka letu liko moja! Kurasa za namna hiyo, pamoja na kurundika maneno, zimo katika orodha ya mambo ambayo Google imeyakataza. Na Machi 2024 ikaongeza makatazo dhidi ya wanaofyatua kurasa kwa wingi ili tu wapande juu, ziwe zimeandikwa na mtu au na programu.

Tulichokifanya

Kwanza tulifuta. "Kukodi" ikaondoka. "Siku moja" ikaondoka. "Bei nafuu" ikaondoka, tukaweka bei zenyewe zinapoanzia, na maelezo ya kinachoipandisha bei: aina ya lesi, bitana, nakshi za mkono. Mtu akiona haimudu, anajua kabla ya kupoteza nauli.

Pili tulichukua daftari. Kila swali analouliza mteja kwa simu au mlangoni tukaliandika kama alivyolisema. Tuligundua kwamba maswali ni yaleyale. Mtachukua siku ngapi? Nikinenepa au nikikonda kabla ya harusi itakuwaje? Hii lesi itaonyesha mwili? Anayepima ni mwanamke, na kuna faragha? Naweza kutia udhu bila ya kuvua gauni zima? Mtaniweka picha mtandaoni? Nikiwa nje ya nchi nitajipima vipi?

Hakuna hata moja katika maswali hayo lililokuwemo kwenye orodha ya kijana wetu. Tukayajibu moja moja, kwa Kiswahili tunachozungumza. Tukaandika kwamba anayepima ni sisi wenyewe, nyuma ya pazia, na mlango umefungwa. Tukaandika kwamba picha ya biharusi haitoki bila ya ruhusa yake kwa maandishi. Tukaandika kwamba mikono tunaweza kuitia vifungo mpaka kwenye kiwiko ili aikunje na kutia udhu kwa raha. Na lile la siku tukaliweka juu kabisa, kwa herufi kubwa: gauni la lesi lenye bitana ni siku 14 na majaribio mawili. Ukiwa na siku pungufu, tupigie tukwambie ukweli kabla hujafunga safari.

Kwa walio mbali tuliandika namna ya kujipima nyumbani. Mtu mwingine akupime, usijipime mwenyewe. Vaa nguo nyepesi iliyoshika mwili. Futi ilale juu ya mwili bila ya kuvutwa, kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Pima kifua panapojaa zaidi, kiuno panapokunjika, nyonga panapojaa zaidi. Mkono upimwe kuanzia ncha ya bega hadi kwenye kiwiko na kuendelea hadi kifundo, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Urefu wa gauni upimwe ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku yenyewe. Kila kipimo kichukuliwe mara mbili. Vikitofautiana, rudia mara ya tatu.

Ukurasa huo wa vipimo hatukuuandika kwa ajili ya kupanda juu. Tuliuandika kwa sababu shangazi mmoja wa Dubai alituchosha kwa simu, Allah amlipe kheri. Leo wateja wengi wa nje wakitupigia wanaanza na maneno haya: "Nimesoma pale mlipoeleza kupima." Wanakuja wakiwa wameshatujua, na vipimo vyao vinakaribiana na ukweli.

Mashine tusiitukane

Kuna dada zetu watasema, "Haya mazuri, lakini kama Google haikuoni, nani atayasoma?" Ni kweli. Kibanda kizuri porini hakiuzi. Kwa hiyo hatusemi tuipuuze mashine. Tunasema tuipe yale ambayo yanamsaidia na msomaji pia, na hayo ni mengi kuliko tulivyodhani.

Kwa mfano, maneno. Sisi hapa tunasema biharusi, wengine wanasema bibi harusi. Kuna anayesema gauni, kuna anayesema nguo ya harusi, kuna anayetaja shela. Kuyatumia majina hayo pale yanapofaa ni adabu ya kumpokea mgeni kwa lugha yake. Kosa ni kuyarundika mpaka sentensi ikawa na homa, kama alivyosema mama.

Kichwa cha ukurasa nacho kiseme wazi kilichomo ndani. "Namna ya kujipima gauni la harusi ukiwa mbali na fundi" kinamsaidia biharusi na kinaisaidia mashine. "Ukurasa wetu wa tatu" hakimsaidii yeyote. Picha nazo tuziandikie maelezo mafupi kwa ndani. Maelezo hayo husomwa na mashine, na pia na zile programu zinazowasomea wenzetu wasioona. Dada asiyeona naye anaolewa na anataka kujua gauni likoje. Picha tuzipunguze uzito, kwa sababu anayetusoma anatumia bando lake, na ukurasa unaochelewa kufunguka unamchosha yeye na unaturudisha nyuma. Na lugha tuichague kwa kumtazama mteja. Kijana alitaka tuandike Kiingereza kitupu ili watalii watupate. Watalii hatuwashonei. Tunawashonea mabinti wanaozungumza Kiswahili na mama zao.

Wala hatuwaahidi kwamba ukiandika kwa ukweli utapanda juu. Hilo si letu kuahidi. Wapo waandishi wadogo waliolalamika baada ya mabadiliko ya Septemba 2023 kwamba kurasa zao za kweli zimeshushwa pamoja na za uongo. Mashine inabadilishwa na wenyewe watakavyo, wala hawatupigii simu kutuuliza. Ndiyo maana tunasema usijenge duka lako lote juu ya kuipendeza. Ukiandika kwa ajili ya mashine na mashine ikabadilika, umebaki na maneno yasiyomfaa mtu. Ukiandika kwa ajili ya mtu na mashine ikakuacha, maneno yako bado yana kazi. Utamtumia mteja kwa WhatsApp, utayachapa ukayabandika ukutani, biharusi atamtumia somo wake, shangazi atamtumia jirani. Njia ya zamani ya kuambiana haijafa.

Na wewe biharusi unayesoma

Wewe hutengenezi tovuti, unatafuta nguo. Basi ukifika kwenye ukurasa wa fundi, usisome picha tu. Soma maneno kwa sauti. Ukisikia sentensi inayorudia jina la kitu mara nne bila ya kukwambia kitu, jua haikuandikiwa wewe. Tazama kama wamesema siku ngapi, bei inaanzia wapi, na kipi hawakifanyi. Duka linaloweza kusema "hiki hatukifanyi" lina mtu ndani yake. Linaloahidi kila kitu, lipigie simu kwanza na uulize maswali mawili ambayo majibu yake umeshayajua. Na usilikatae gauni la binamu mpaka umesikia jibu kwa masikio yako.

Na kina dada wenzetu mnaouza: kabla hujaweka neno kwenye ukurasa wako, mtafutie mtu mmoja wa kweli atakayelisoma. Mpe sura. Sisi tunaye wetu. Kila tukiandika tunamuona yule binti amesimama mlangoni Jumatatu na begi lake, lesi imekunjwa vizuri ndani ya mfuko, anatuuliza, "Si mmeandika?" Tukiona tunaweza kumtazama usoni tukamjibu "ndiyo, tumeandika", tunaliacha neno. Tukiona hatuwezi, tunalifuta, hata kama Google nzima inalipenda.

Yeye mwenyewe, alhamdulillah, ana mtoto sasa. Mwaka jana mdogo wake aliolewa, na mama yao alitupigia. Mwezi mzima kabla.

Wabillahi tawfiq. Tuombeane dua, na harusi zenu ziwe za kheri na baraka.